Nusu Saa ya Onen

Watu wakiniuliza Santina alikuwa mtu wa namna gani, nawaonyesha bega langu la kushoto. Limeshuka. Nikisimama wima, bega la kulia linatazama kanisa la Rubaga kilimani na la kushoto linatazama mfereji. Aliyelishusha ni mtoto wake, na wakati huo mtoto mwenyewe hakuufikia uzito wa jogoo. Msinicheke. Kuna uzito wa kilo na kuna uzito wa kusimama.

Santina alikuja kwangu Makindye mwaka ule sukari ilipotoweka madukani, ukitaka kikombe kimoja unanunua magendo au unapanga foleni mpaka miguu inasahau njia ya nyumbani. Marehemu mume wangu, askari wa zamani kama baba yake na babu yake, aliniachia nyumba ya vyumba vinne chini ya kambi. Santina na mumewe Olweny walipanga chumba cha mwisho. Olweny alikuwa dereva wa polisi, Mwacholi wa Kitgum huko kaskazini, sauti ndogo na masikio makubwa. Walikaa kwangu miezi mitano. Siku moja Olweny akaondoka na gari la kazi kwenda Masindi. Gari lilirudi. Aliyeliendesha alikuwa mwingine.

Santina alikwenda kuuliza mara moja. Aliambiwa asirudi kuuliza. Akaja nyumbani, akafua mashati mawili aliyoyaacha mumewe, akayapiga pasi, akayatundika ukutani. Tumbo lake lilikuwa la miezi saba. Hakupiga kelele siku hiyo wala nyingine yoyote. Kwetu sisi Wanubi mwanamke akifiwa mtaa mzima unajua; huyu hata hakujua kama amefiwa.

Aliwahi kuzaa kabla, binti, Joska. Alikufa mdogo huko kwao. "Homa," aliniambia, na neno lile akaliweka chini kama mtu anayetua mzigo mlangoni kwa wengine. Sikuuliza zaidi. Mimi ninayeuliza mpaka bei ya kilemba cha maiti, sikuuliza.

Alizaa mvulana akamwita Onen. Kwao ni jina la mtoto aliyezaliwa watu wakiwa wameona mengi. Kijana alinyonya kama anayeogopa kunyang'anywa. Halafu, kabla hujamfuta mdomo, maziwa yote yakarudi. Watoto wote hucheua, nimelea tisa na wajukuu sijui wangapi, najua. Huyu hakucheua, alirusha. Kuna mara moja yaliruka kutoka kitandani yakavuka chumba, yakapita juu ya kichwa changu nikiwa nimesimama, yakatua kwenye shati la Olweny, mfukoni mwa kifua, bila kudondosha tone njiani. Santina atawaambia nadanganya. Lakini atawaambia pia kwamba shati lile alilifua mara kumi na moja mwezi ule, na sabuni ilikuwa adimu kuliko sukari.

Baada ya kutapika analia, anajipinda mgongo nyuma kama upinde, anasukuma titi kwa mikono yote miwili na huku analitafuta. Mimi nilijua dawa, nani mwingine? Nilimwambia Santina: tumbo limebaki tupu, lijaze tena. Akalijaza. Yakarudi. Tukalijaza. Nikamfunga mtoto kitambaa tumboni, kikakaza kama mkanda wa askari, nikamlaza kitandani akiwa amenyooka, ndivyo tulivyolala sisi sote na tukakua. Mama wa watu alinisikiliza. Alinyonyesha kutwa nzima, chuchu zikapasuka, mtoto akawa anapungua huku ananyonya, miguu ikawa na mikunjo kama soksi za mtu mwingine.

Ndipo mpangaji wangu Rehemah, ambaye ulimi wake hauna likizo, akasema lile ambalo wote tulikuwa tunalifikiria. "Huyo ana meno ya uongo. Mtazameni ufizi."

Tukatazama. Ufizi ulikuwa umevimba kidogo, na mweupe kwa ndani. Siku zile kila mtu alijua habari ya meno hayo: mtoto akitapika, akiharisha, akikonda, ni kwamba chini ya ufizi kuna meno mabaya yanayomla. Anaitwa mchimbaji. Anachimba, anakutolea kitu cheupe kidogo kama punje ya mchele mbichi, anakiweka kiganjani mwako, unashukuru. Wa kwetu alikuwa Mzee Oloya, mtu wa kaskazini kama Santina, mwenye waya wa gurudumu la baiskeli aliouchonga ncha kwenye jiwe. Mimi ndiye niliyekwenda kumwita. Sitaki mtu mwingine abebe hilo.

Nilipomwambia Santina, aliacha kusaga simsim. Alikuwa anauza simsim, ule ufuta wa kusaga, sokoni Owino, mikono yake ilikuwa na mafuta mpaka viwikoni.

"Kwanza kliniki, Haboba," alisema. Haboba ndivyo Wanubi tunavyomwita bibi, naye alishika neno hilo tangu siku ya kwanza.

"Kliniki watampima, watamwandikia, watakwambia urudi. Mtoto ataisha kwa kurudi."

"Siku kumi na nne. Wakinipa dawa na mizani ikakataa kupanda, nitamwita Oloya mwenyewe."

"Unasema kweli?"

Santina hakuwa na maneno ya akiba. Lile alilokupa ndilo alilokuwa nalo.

Njia ya kliniki ilipita kwenye kizuizi cha askari. Siku hiyo alisimama Sebit, kijana wa Bombo niliyemjua tangu anatambaa. Mama yake na mimi tumepakana hina. Lakini mtu akishika bunduki hujui kama bado anakukumbuka.

"Nyinyi naenda wapi?"

"Kliniki, mwanangu."

"Mtoto ya nani hii?"

Santina alifungua mdomo. Kiswahili chake kilikuwa na Kiacholi ndani, na miaka ile, askari wakiwasaka Waacholi, Mwacholi hakupenda kujulikana kizuizini kabla ya kumaliza salamu. Nikamtangulia. "Mjukuu wangu. Mama yake bubu."

Sebit akamtazama Santina, akanitazama mimi. "Bubu toka lini?"

"Toka aolewe na mwanangu. Wewe unamjua mwanangu, ungekuwa yeye ungesema nini?"

Hakucheka. "Toa mtoto kwa kitambaa. Weka chini. Mimi nataka ona nguo."

Onen alikuwa ametoka kunyonya sasa hivi. Santina akamlaza juu ya leso, pale pale kando ya barabara, na Sebit akainama na kusogeza mguu. Yalitoka maziwa ya siku tatu, na mengine ambayo hajawahi kunyonya. Buti la kulia lilijaa mpaka kwenye kamba. Mimi ninawaambia, soksi ya Sebit ilielea.

Nikaanza kusoma moyoni zile aya fupi ninazozijua. Halafu nikasikia sauti nyembamba, kama bawaba ya mlango. Ni Santina, amefunika mdomo kwa mkono, anacheka.

Sebit akapangusa buti kwa nyasi. "Haboba, peleka huyu haraka. Na huyo bubu yako, mwambie acheke polepole, kuna wakubwa nyuma."

Tulipofika mbali nikathubutu kutazama nyuma. Santina alikuwa amekwisha kunyamaza. Sikumsikia akicheka tena kwa muda mrefu.

Kliniki kulikuwa na nesi mmoja, Sista Marie-Louise, Mnyarwanda, mwembamba, saa yake imebandikwa kifuani kichwa chini. Alimtundika Onen kwenye mizani ile ya kuning'iniza, sindano ikatikisika ikasimama mapema mno. Akaweka nukta kwenye kadi. Mimi sijui kusoma, lakini nimeuza karanga, mizani naijua, na nukta nilizielewa: zinatakiwa kupanda kama siafu ukutani. Za Onen zilikuwa zinashuka kwenda kutafuta maji.

"Anatapika ya kijani? Damu?"

"Maziwa tu, Sista."

"Homa? Kuharisha?"

"Hapana."

"Mnyonyeshe nikuone."

Alitutazama tangu mwanzo mpaka mwisho, na nilipomchukua mtoto nikaanza kumlaza magotini, akanishika mkono. "Bibi, ndivyo mnavyofanya nyumbani?"

"Tangu zamani."

"Na hicho kitambaa tumboni?"

Nikatazama dari.

Akakifungua. Akasema kati ya koo na tumbo kuna kama mlango, na wa mtoto huyu bado mlegevu. Ukimlaza ameshiba, ukimbana tumbo, maziwa yanapanda pamoja na uchachu wa tumbo na kumchoma. "Ana kiungulia, Bibi. Kama wewe ukila maharage ukalala. Tofauti ni kwamba wewe unaweza kusema." Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi. Katikati msimamishe abeue. Akitapika usimjaze hapo hapo, mwache apumzike. Akimaliza, mshike wima begani nusu saa, ndipo umlaze chali. Asipewe kitu kingine chochote, ni titi tu. "Haponi leo wala kesho. Anakua nacho, siku moja kinamwacha. Kazi yenu ni kumfikisha hiyo siku."

Nilingoja dawa. Hakuna chupa, hakuna kidonge. Nimevuka kizuizi kuja kufundishwa kusimama.

"Nusu saa tutaijuaje?" Santina aliuliza. Saa pekee ya nyumbani ilikuwa mkononi mwa Olweny, na Olweny tumeshasema.

Mimi nikatoa tasbihi. Sista akatazama saa yake ya kifuani, mimi nikaanza kuzungusha punje, taratibu, kwa heshima, watu wa foleni wananingoja. Mizunguko kumi ndiyo nusu saa. Santina akajaribu rozari yake: moja na nusu, na salamu chache za juu. Basi. Mtoto wa Kiacholi akawa anapimiwa muda kwa Waislamu na Wakatoliki, na kila dini ilikuwa na bega lake.

Tukagawana. Alfajiri yake, asubuhi na adhuhuri zangu ili apate kusaga na kupelekea wateja, alasiri anakwenda Owino na mtoto amemfunga kifuani badala ya mgongoni, wanawake wa soko wanamwita kangaruu aliyechoka. Hawajui kangaruu, walimwona kwenye gazeti la kufungia chumvi. Jioni yake tena. Mara nane, mara tisa kwa siku, nusu saa kila mara. Hesabuni wenyewe. Santina alisaga amesimama, alikula amesimama. Nilimkuta mara moja jikoni amelala kwa macho wazi, mkono unakoroga sufuria isiyo na kitu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo napenda watu wasinzie.

Siku tatu za kwanza nilizungusha kumi kamili. Siku ya nne bega likaanza kulalamika. Siku ya tano walisema kuna sukari Nakawa, nikafanya saba nikamlaza nikaenda, na sukari yenyewe ilikuwa imekwisha. Saba ikawa nne. Nne zenyewe nilizikimbiza, punje zinapita chini ya kidole kama wanajeshi wanaokimbia gwaride. Mungu alisikia, yeye hasikii polepole. Aliyedanganywa ni mtoto. Alitapika, nikamfuta kwa ushungi wangu, nikaufulia nyuma ya nyumba.

Tena kuna uji. Mnalijua jicho la mtoto mwenye njaa? Alinitazama. Nikampa kijiko kimoja cha uji mwepesi wa wimbi, na samli kidogo juu, kama nilivyowapa wangu. Kesho yake viwili.

Santina akirudi ananusa shingo ya mtoto. "Haboba, mbona ananuka uji?"

"Ni mimi ninayenuka uji."

"Ametapika?"

"Kidogo tu. Ametulia."

Anakaa chini, anamchukua, anaanza rozari yake. Hakuruka punje. Nilikuwa namsikiliza kwa upande wa sikio nikitumaini ataruka hata moja, nipate mwenzangu.

Siku ya kumi na nne tulirudi kliniki. Sindano ilisimama pale pale. Sista akaitikisa mizani, akampima tena, akaweka nukta mpya ubavuni mwa ile ya zamani. Haikushuka, haikupanda.

"Mnamshika wima kweli? Nusu saa nzima?"

"Kweli, Sista," alisema Santina. Alijibu kwa wote wawili. Mimi nilikuwa nafunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa ndara.

Sista akasema tungoje wiki mbili nyingine, kisha atatuandikia barua ya kwenda kwa daktari. Santina aliitika. Tulipofika nyumbani aliweka mtoto begani na kusema, "Mwambie Oloya Jumamosi."

Ningeweza kusema pale pale. Mdomo ninao, mnaujua. Lakini nilijiambia labda ni meno kweli. Labda kijiko kimoja si kitu. Mtu akichoka hujisamehe haraka.

Jumamosi asubuhi Mzee Oloya alikuja na mfuko wake wa ngozi. Alikaa kwenye kibaraza, akaomba maji ya kunywa, akatoa ule waya akaupangusa kwenye suruali. Rehemah aliketi mlangoni kutazama. Santina akatoka amembeba Onen. Alikuwa amemvalisha shati jeupe. Akakaa kwenye mkeka, akamlaza mtoto katikati ya mapaja yake, kichwa kuelekea kwa mzee, akamshika mikono.

"Mzee," alisema, kwa sauti yake ile ya kawaida, "safari hii chemsha waya. Kwa Joska haukuchemshwa."

Oloya aliinua uso. "Joska nani?"

"Binti yangu. Si wewe, ni mwingine, kule nyumbani. Walimtolea manne. Alivuja damu siku mbili, kisha shingo ikakakamaa. Wewe chemsha tu. Nitaleta makaa."

Akageuka kwangu. "Haboba, nishikie mikono yake niende kuleta makaa."

Yaani alijua. Wakati wote alijua waya ule unafanya nini, na alikuwa anakwenda kuuletea moto, kwa sababu aliahidi, na kwa sababu alidhani amefanya yote yaliyobaki kufanywa na mtoto amekataa. Macho yake yalikuwa makavu. Mtu aliyechoka namna ile hawezi tena kuchagua, anafuata tu lililo mbele.

Sikushika mikono ya mtoto. Nilimwinua mtoto mzima.

"Sikuzungusha kumi," nikasema.

"Nini?"

"Tasbihi. Nilizungusha nne. Siku nyingine tatu. Na uji nilimpa. Na samli. Alikuwa anatapika kila siku adhuhuri, nikafua ushungi wangu nyuma ya nyumba."

Rehemah alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu haukutoka kitu. Mzee Oloya akarudisha waya mfukoni polepole, kama mtu aliyekuja harusini akakuta matanga. "Wanawake," alisema, "mmalizane kwanza. Mimi sichimbi nyumba yenye maneno."

Nilingoja Santina anipige. Mimi ningempiga. Alikaa pale kwenye mkeka, mikono mitupu juu ya mapaja, anatazama mahali mtoto alipokuwa.

"Mimi nilimwambia Sista kweli," alisema.

"Najua."

"Nilisema kweli kwa kuamini mdomo wako."

"Najua, mwanangu."

Kisha akafungua titi, akanyoosha mikono, nikampa mtoto. Akamnyonyesha kidogo, akambeuesha, akamnyonyesha tena. Alipomaliza alinirudishia, akanipangia kichwa cha mtoto begani, la kushoto, hili.

"Anza," alisema. "Polepole. Nahesabu mimi."

Nilianza. Alihesabu kwa Kiacholi, kwa sauti, punje kwa punje, huku anasaga simsim. Nikikimbia, jiwe linasimama. Nikirudi mwendo, jiwe linaendelea. Hivyo ndivyo tulivyokaa asubuhi hiyo, na kesho yake, na wiki mbili nzima, na hakuniambia neno lingine ila hesabu. Uji nilikunywa mwenyewe. Ndiyo adhabu ndefu kuliko zote nilizopata, na mimi nimeolewa mara mbili.

Bado alitapika, msidhani. Aliendelea mpaka alipojua kukaa, na zaidi. Lakini yalikuwa ya kumwagika kidevuni, hayakuvuka tena chumba, na shati la Olweny lilikaa ukutani siku nne bila kufuliwa, kisha wiki.

Siku ya mizani Sebit alituona akarudi hatua mbili nyuma, akatupungia tupite. Kliniki Sista alimtundika Onen. Sindano ilitikisika, ikapita pale ilipozoea kusimama, ikaenda mbele upana wa kucha. Kucha yangu ya kidole kidogo, sitaongeza. Sista akaweka nukta. Ilikuwa juu ya ile nyingine.

Santina aliitazama kadi muda mrefu. Akamnyonyesha mtoto kwenye benchi la nje, akamaliza, akafunga blauzi. Nilingoja aanze kuhesabu.

"Haboba," alisema, "mshike. Mimi nalala kidogo."

Akaegemeza kichwa ukutani, na kabla sijamweka mtoto sawa begani alikuwa amekwenda na usingizi, mdomo wazi, mbele ya watu wote wa foleni, mwanamke ambaye hakuwahi kulala mchana. Nikatoa tasbihi. Hakuna aliyenihesabia. Bega liliuma mpaka kwenye jino. Nilizungusha kumi, na ilipokwisha hakuwa ameamka, nikaanza tena.